Chachu Iliyokataa Kuamka

Katika kitongoji chetu cha Karaoi, mtu akitaka kumsifu mwanamke hasemi habari za uso wake wala za ukoo wake. Husema kwamba maziwa yameukubali mkono wake. Orinkul alikuwa mmoja wa wale waliokubaliwa. Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, msichana mwembamba kutoka ng'ambo ya mto Sarisu, akaolewa na Sapargali, kitindamimba wa nyumba ya wachungaji wa farasi. Katika majira ya joto yale yale ya kwanza, mama mkwe wake, bibi mkali aliyeitwa Kanipa, alimwita karibu na fuko la ngozi akamkabidhi mchi.

Fuko lile lilishonwa kwa ngozi ya farasi, likafukizwa moshi miaka mingi hata likawa jeusi kama chungu. Humo ndimo maziwa ya farasi jike yalimogeuka kuwa kumisi, kinywaji chetu kilichochachuka. Nayo kumisi haianzi yenyewe. Huanzishwa kwa kumisi ya jana, na ile ya jana ilianzishwa kwa ya juzi, na ukirudi nyuma hivyo siku kwa siku na mwanamke kwa mwanamke utamfikia mmoja ambaye jina lake limesahauliwa, lakini chachu yake bado inachemka. Kanipa aliipokea kwa mama mkwe wake, naye huyo kwa wa kwake. Wakati wa baridi, farasi wanapokauka maziwa, ile ya mwisho iliyobaki fukoni huwekwa pembeni, mahali pasipo joto wala barafu, ikalishwa kidogo kidogo kwa maziwa ya ng'ombe, kama mgonjwa anayesubiri masika. Mwanamke aliyeachiwa chachu amepewa dhamana. Ikimfia mikononi, hapigwi wala hafukuzwi. Ila watu hushusha sauti anapopita.

Kanipa alipofariki aliacha wakwe wawili. Mkubwa alikuwa Bibizhan, mke wa Bekturgan, aliyemtumikia yule bibi miaka kumi na saba. Mdogo alikuwa Orinkul. Kwa desturi yetu kitindamimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, basi na fuko likabaki kwa Orinkul, na Bibizhan akapewa kata moja ya chachu, aende akaanzishe lake. Siku ya arobaini, mbele ya wageni, Bibizhan alisema kwamba siku hizi fuko hupewa anayejua kutabasamu, si anayejua kupiga mchi. Orinkul, ambaye alikuwa bado kijana, akajibu kwamba mchi nao huchoka na mikono yenye kinyongo. Maneno mawili tu. Hata hivyo Bibizhan alihamia malisho ya kilomita kumi na mbili kutoka kwetu, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna kati yao aliyekunywa kitu nyumbani kwa mwenzake. Waume zao waliendelea kupendana kama kawaida, wakikutana kwenye mazizi na minada, na kuzungumza juu ya kila kitu isipokuwa wake zao.

Nchi yetu iko chini ya njia ya roketi. Tangu Orinkul alipokuwa mtoto zilikuwa zikiruka kutoka upande wa magharibi, na sehemu yake ya chini, ikishamaliza mafuta, ilijiachia na kuanguka katika nyika yetu. Tulisikia ngurumo mbili, kisha tukaona kitu kinachong'aa kikishuka kikizunguka. Pale kilipoanguka majani yaligeuka manjano, na upepo ulileta harufu kama ya samaki waliooza. Mafuta hayo sote tuliyaita heptili, kwa kuwa ndivyo wanajeshi walivyoyaita. Zamani walikuja wenyewe, wakatuambia tusikaribie, wakafukia baadhi ya mabati na kuchoma mengine. Baadaye nchi kubwa ile iliyotutawala ikavunjika, na ikapita miaka ambayo hakuna aliyekuja. Hapo wanaume walianza kuyafuata yale mabati kwa trekta na msumeno. Yalikuwa mepesi, hayashiki kutu, na kitongoji kilikuwa hakina msumari. Ukipita nyua za Karaoi uliona paa la banda la kuku, hori la kondoo, sleji ya kuvutia kuni, beseni la kuogeshea watoto, vyote vimeng'aa rangi ile ile.

Katika masika ya mwaka wa tisini na saba tangi moja zima liliangukia nyuma ya kilima, karibu na mahali Sapargali alipokuwa akichunga. Akamwita kaka yake, wakalikata katikati, na kila mmoja akapata pipa la kimo cha kifua. Sapargali hakuwa mtu wa haraka. Alilisugua lake kwa mchanga, kisha kwa majivu, akalisuuza mara saba, akaliacha wazi juani kiangazi chote, na baridi yote likajaa theluji. Masika mengine aliingiza kichwa chake ndani akanusa. Hakuridhika na pua yake mwenyewe, akamwita mzee Dauletbai, mganga wa farasi, ambaye ilisemekana anaweza kunusa mbwa mwitu aliyepita jana. Mzee akazama ndani hata mabega, akakaa humo kwa muda, akatoka akasema pipa lile lilikuwa safi kuliko masufuria ya mkewe. Basi Sapargali akalipaka rangi ya buluu kwa nje, akalifukia hata shingoni katika kibanda cha maziwa, ili ardhi ilipoze, akampa Orinkul kama zawadi.

Wala asicheke mtu. Pua ndiyo shule yetu. Kwa pua tunayajua maziwa yaliyoharibika, farasi mwenye homa, na mvua iliyo nyuma ya milima. Kitu kilichoacha kunuka, kwetu, kimekwisha.

Orinkul alifurahi nalo. Farasi jike hukamuliwa kila baada ya saa mbili, mara tano au sita kwa siku, na maziwa yale ya vuguvugu hupaswa kupoa kwanza kabla ya kuingizwa fukoni. Alikuwa akiyapoza katika ndoo za mbao. Sasa akayamimina pipani, yakapoa upesi na kwa wingi. Siku ya kwanza haikuwa na neno. Siku ya tatu alipopiga mchi alihisi kumisi imekuwa nzito na bubu. Fuko lenye afya huzungumza. Ukitega sikio husikia mchakacho kama wa mvua inayoanza juu ya mchanga. Siku ya tano aliweka sikio hakusikia kitu.

Alifanya yote aliyofundishwa. Alipiga mchi mara elfu, akihesabu. Alilivika fuko blanketi la sufu. Alilifukiza moshi upya. Kila alipoona haliitiki aliongeza maziwa mabichi, kwa kuwa Kanipa alimwambia kwamba chachu iliyochoka hulishwa. Na maziwa hayo aliyachota katika pipa. Hivyo kila alipojaribu kuiokoa aliizamisha zaidi, na hakujua. Alipokuwa amebakiwa na kibuyu kimoja tu cha chachu ya akiba, akakimimina nacho ndani. Baada ya siku mbili kilichokuwa fukoni kilikuwa maji meupe, machachu kidogo, yenye harufu ya ngozi, yasiyo na uhai wowote.

Tena hakuweza kuyamwaga. Kwetu cheupe hakimwagwi chini. Maziwa humwagwa juu ya kichwa cha nyoka aliyeingia nyumbani, basi, na kwingineko kuyamwaga ni kujiitia laana. Alichimba shimo nyuma ya kibanda, akayatia humo polepole kwa kata, akayafunika kama unavyofunika kitu kilichokufa. Wageni walipokuja aliwapa chai. Akiulizwa habari za kumisi, alisema kwamba mwaka huu inzi wamewasumbua farasi. Hata Sapargali alidanganywa hivyo kwa siku nane, na ndiye aliyekuwa akilala chini ya blanketi moja naye.

Jambo lililomlemea Orinkul halikuwa kinywaji. Chachu ya Kanipa ilikuwa imebaki nyumba mbili tu duniani, kwake na kwa Bibizhan. Ya kwake ilikuwa imekufa. Ili ifufuke ilimpasa kwenda kuomba kwa yule mmoja ambaye alikuwa ameapa moyoni kutomwomba hata chumvi.

Wiki ile ile akafika Nazim. Nazim alikuwa mtaalamu wa udongo kutoka Almati, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu kuja kuchimba mashimo madogo pale sehemu za roketi zilipoanguka. Alilala kwa Orinkul, na Orinkul alimpikia. Wanaume walimpenda na kumtania. Mwaka uliopita aliwasihi wasitumie mabati yale kwa chakula wala maji, na mmoja akamwambia, "Daktari, basi tuezue na mapaa, tulale tukihesabu nyota." Kuhusu pipa la buluu lililozikwa kibandani hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha.

Alikuwa na kisanduku chenye vuguvugu, na ndani yake visahani vya kioo vilivyotiwa kitu kama uji ulioganda. Katika kila kisahani alipaka tone la maji ya udongo, akasubiri. Asubuhi moja Orinkul alipomletea chai alimkuta amevipanga mezani. Kisahani cha udongo wa malisho mazima kilijaa madoa, meupe, ya njano, mengine ya waridi, yamebanana kama kondoo zizini. Kisahani cha udongo wa mahali tangi lilipoanguka kilikuwa kitupu, ila doa moja pembeni.

Orinkul akauliza madoa yale ni nini. Nazim akamweleza bila haraka, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kumjibu kila mtu kana kwamba ni mwalimu mwenzake. Alisema kwamba udongo si kitu kimoja bali ni kijiji, na kwamba hayo madoa ni koo za vijidudu visivyoonekana, vinavyoozesha kinyesi na majani, na bila hivyo hakuna jani litakaloota. Heptili ikimwagika nyingi huviua karibu vyote. Ikiwa kidogo, vingi huzimia, vingine huacha kuzaana, na baada ya miaka hujitokeza vichache vinavyojifunza kuila. Mahali palipoanguka tangi jingine miaka saba iliyopita alikuwa ameanza kuvipata vya namna hiyo.

"Kwa hiyo wameshazoea," alisema Orinkul.

"Wameanza kuonja, mama. Kuzoea bado."

Kisha akaendelea. Alisema kwamba sumu yenyewe haikai namna moja. Katika mchanga hushuka na maji ya theluji, ikaenda kujificha chini. Katika udongo mweusi wenye samadi nyingi hung'ang'ania, na kwenye udongo wa chumvi hulala miaka. Orinkul alisikiliza huku akikunja na kukunjua pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Akauliza neno moja tu: ni lini basi mtu atajua kwamba imekwisha? Harufu ikishaondoka?

Nazim akaweka kikombe chini.

"Hapo ndipo watu wote wanapokosea, mama. Heptili ikikutana na hewa na jua haifi, inabadilika. Inazaa vitu vingine, na baadhi ya watoto wake hawanuki kabisa. Halafu wanakaa kwenye maji muda mrefu kuliko mama yao."

"Na bati lililosuguliwa kwa majivu?"

"Kwenye maungio, pale bati lilipokunjwa, hata mimi na dawa zangu sifikishi brashi. Kwa nini unauliza?"

Orinkul aliuliza kama vile vinavyochachusha kumisi ni vya ukoo mmoja na hivi vya kwenye kisahani. Nazim akacheka kidogo, akasema ni ndugu wa mbali, wengine wamekaa shamba, wengine wameletwa nyumbani wakalelewa vizuri.

Ndipo Orinkul akamshika mkono akampeleka kibandani, akafunua mbao, akamwonyesha. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote duniani. Alisema kila kitu, la fuko, la kibuyu cha akiba, la shimo nyuma ya kibanda, akisema kwa sauti ya kawaida kama anayehesabu kondoo. Nazim alitaka kujua kama kuna mtu aliyekunywa. Orinkul akasema yeye mwenyewe alionja kila siku, na Sapargali bakuli mbili za mwanzo, wengine hapana. Nazim aliomba ndoo moja ya maji ya kisima imiminwe pipani, ikae humo hadi kesho.

Siku ya pili, baada ya kifungua kinywa, Orinkul alikanda madonge mawili ya unga wa maandazi, kwa hamira ile ile na chumvi ile ile. Moja alilikanda kwa maji ya kisima, jingine kwa maji ya pipa. Akayafunika kwa vitambaa, akayaweka sambamba karibu na jiko. Wakaendelea na kazi zao. Hata ikawa adhuhuri, donge la kisima lilikuwa limekiinua kitambaa chake kama tumbo la mjamzito. Lile jingine lilikuwa limelala bakulini vile vile lilivyowekwa, na Orinkul alipolibonyeza, alama ya kidole ilibaki.

Nazim alisema kwamba jaribio hilo halipimi kiasi. Linaonyesha tu kwamba humo mna kitu ambacho hamira haikipendi, na kwamba atachukua chupa ya maji yale mpaka Almati ipimwe kwa mashine. Lakini pipa lisiguswe tena. Akalitazama, akapitisha kidole pale lilipokatwa kwa msumeno, akauliza, "Hili ni nusu. Nusu nyingine iko wapi?"

Sapargali, aliyeambiwa yote usiku uliopita na sasa amesimama mlangoni na kofia mkononi, ndiye aliyejibu kwamba iko kwa kaka yake.

Bwana huyu alikuwa na aibu kubwa kwa zawadi yake, na kwa mapenzi yake alitaka kumwondolea mkewe mzigo. Alisema ataenda yeye. Atamwambia Bekturgan kwamba daktari ameyakataza mapipa, basi. Ya chachu hayana haja ya kutajwa. Orinkul akatikisa kichwa. Alimjua shemeji yake. Angecheka, angeingiza kichwa pipani, angenusa, angesema bati hili ni safi, na maziwa yangerudi humo humo jioni ile. Kitu kimoja tu kingeweza kuwaaminisha watu wa nyumba ile, nacho ni chachu ya Kanipa iliyokufa. Na habari hiyo haikuwa ya mtu mwingine kuibeba.

"Nikienda mimi Bibizhan atanicheka mpaka meno yamkauke," alimwambia mumewe. "Na acheke. Nikinyamaza, watoto wake watakunywa."

Akatandika farasi baada ya chakula cha mchana. Alivaa koti lake zuri, lile la harusi za watu, kwa sababu hakutaka aonekane amekuja kuomba akiwa amevaa kama mwombaji.

Bibizhan alimwona tangu mbali, maana nyika yetu haina pa kujificha. Orinkul alipofika alimkuta amesimama mbele ya hema la sufu, mikono kiunoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia farasi. Walisalimiana kama inavyopasa, wakaulizana habari za mifugo kwanza, kisha za watoto. Bibizhan akamkaribisha mahali pa heshima, mbali na mlango. Halafu, kwa mkono wake mwenyewe, akachota bakuli la kumisi, akalishika kwa mikono miwili, akampa.

Kila mmoja wetu anajua maana ya bakuli lile. Baada ya miaka kumi na mmoja, Bibizhan alikuwa ameanza yeye. Mgeni hunywa kwanza, kisha ndipo husema kilichomleta. Na kukataa cheupe nyumbani kwa mtu ni kumwambia kwamba nyumba yake ni ya adui.

Orinkul alilipokea. Alilitazama. Akaliweka mkekani mbele yake bila kuligusa kwa mdomo.

"Dada, sinywi."

Wakwe wawili wa Bibizhan waliokuwa wakikanda unga wakaacha mikono ndani ya unga. Bibizhan hakupandisha sauti; hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umepanda farasi kilomita kumi na mbili, na koti la harusi, uje unitemee mate kwenye bakuli langu?"

"Nimekuja kukuuliza. Maziwa yako yanapozwa wapi?"

"Kwenye pipa. Pipa la mume wangu, kama lako la mume wako. Au lako linapoza vizuri zaidi, kwa kuwa una fuko la mama?"

"Fuko la mama liko tupu, dada. Chachu imenifia."

Akamweleza. Hakujificha nyuma ya inzi wala farasi. Alisema ni yeye aliyeichotea sumu kwa kata yake mwenyewe, siku baada ya siku, akidhani anailisha. Alisema habari ya kibuyu cha akiba, na ya shimo, na ya donge la unga lililobaki na alama ya kidole. Alisema pia jinsi Nazim alivyomweleza kwamba harufu huondoka na watoto wasionuka wakabaki. Mwishoni alisema kwamba hakuja kuomba. Kama nusu hii ya chachu ingali hai itolewe pipani leo, na yeye atarudi kwake na kunywa chai maisha yake yote.

Bibizhan akawatuma wakwe zake nje, wakaangalie ndama ambao walikuwa hawana haja ya kuangaliwa. Walipotoka akalivuta lile bakuli, akanusa, akalitikisa. Juu yake palikuwa na viputo vichache vikubwa, vilivyopasuka upesi. Orinkul naye aliviona, na kwa kuwa maziwa yalikuwa yameukubali mkono wake, alijua kwamba viputo vile si vya kumisi.

"Zabibu," Bibizhan alisema.

"Nini?"

"Natia zabibu. Na sukari. Tangu mwanzo wa mwezi wa sita inakuwa bubu, nami nikasema ni majani, ni mvua, ni uzee wangu. Mbele ya wakwe nitasema nini? Nimewapa watu maji ya zabibu, wakanisifu." Akafuta uso kwa kiganja. "Wewe angalau uliizika."

Hapo wanawake wale wawili walitazamana, na Orinkul alitusimulia baadaye kwamba ndipo alipoogopa kweli kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekuja akiamini kwamba nusu moja iko hai. Sasa zote mbili zilikuwa zimekwenda, na yule mwanamke wa kwanza asiye na jina, na wote waliomfuata, waliishia katika mapipa mawili ya bati.

Bibizhan aliinuka, akaenda kwenye sanduku la mbao lililokuwa na matandiko yake ya harusi. Alitoa mito, akatoa mablanketi, akafika chini kabisa, akatoa kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na mapande ya kitu cha kahawia, kikavu, kama udongo wa ukutani. Alisema ni masimbi, yaani mashapo, ya kumisi ya vuli. Kila vuli tangu Kanipa alipofariki, alikuwa akiyachuja, akayaanika kivulini na kuyaficha. Na haya ya mwisho aliyaanika vuli iliyopita, kabla maziwa hayajaanza kuingia pipani.

"Mama hakutufundisha kukausha," Orinkul alisema kwa mshangao.

"Mama hakunifundisha. Nilijifunza kwa jirani. Nilitaka siku moja yako ikufie, uje hapa unipigie magoti, nami niwe nayo." Akacheka bila furaha. "Nimeitunza kwa hasira, mdogo wangu. Sijui kama itaamka kwa kitu kingine."

Orinkul hakurudi kwake siku ile, wala ya pili. Walilitoa pipa nje kwa kamba na farasi wawili, na Bekturgan aliporudi na kuanza kuingiza pua yake ndani, mkewe alimwambia, "Toka humo, mzee, hiyo pua imeshatumaliza," naye akatoka. Walikamua katika ndoo za mbao. Walichukua chombo kipya cha mti wa mberoshi, ambacho hakikuwa kimegusa kitu, wakakifukiza, wakavunja pande moja la masimbi katika maziwa ya vuguvugu. Wakakivika chombo blanketi, wakapokezana mchi. Siku tatu hapakuwa na sauti. Siku ya nne Bibizhan alianza kusema kwamba hasira haichachushi kitu. Siku ya sita, wakati wa kukamua mara ya tatu, Orinkul aliweka sikio kwenye ubao, akainua mkono kumnyamazisha mwenzake, ambaye kwa kweli alikuwa kimya.

Walionja kwa zamu. Ilikuwa nyepesi, na ukali wake ulichelewa kidogo ulimini. Bibizhan akafikiri.

"Ni mama," alisema. "Ila ana mafua."

Yale mapande yaliyobaki wakayagawa. Mwaka uliofuata Nazim alileta majibu ya chupa yake yaliyoandikwa kwenye karatasi, nayo yalikuwa mabaya kuliko donge la unga lilivyosema. Na kuanzia kiangazi hicho, kwa miaka tisa, Orinkul alimfuata katika mashimo yake akiwa na jembe dogo na mifuko ya udongo, akiuliza maswali. Lakini hayo yalikuja baadaye, wakati ambapo mapipa mengi ya Karaoi yalikwisha kuwa shimoni.

Yalifika huko kwa sababu ya siku ya saba. Asubuhi ile Orinkul alitandika farasi arudi kwake, na akasema kwamba hatapitia njia ya kilima bali kitongojini, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa kila ua ulikuwa na bati lake. Alijua atakachopoteza. Mwanamke anayetangaza mlango kwa mlango kwamba aliua chachu ya mama mkwe wake hataitwa tena harusini kuonja kumisi za wenzake. Bibizhan alimtazama akifunga kifurushi, akaenda akatandika farasi wake pia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mkunga Sakipa. Walikaribishwa ndani, wakawekewa mito, na binti wa nyumba akaja na mabakuli mawili yaliyojaa. Orinkul alilitazama lake, akaanza kurekebisha mto wake. Ndipo Bibizhan akayasukuma mabakuli yote mawili polepole hadi katikati ya mkeka, akamwambia mwenye nyumba:

"Usikasirike, Sakipa. Huyu mdogo wangu ana jambo la aibu la kukuambia, na akimaliza, nami nina la aibu zaidi."